Kisu Kinacholala Ndani ya Sindano

Rahab Mugure alijifunza kazi ya saa kwa kukaa kimya na kuangalia. Mumewe, Kinyanjui, alikuwa fundi wa saa kwenye baraza ya duka la vitambaa la Bwana Jivraj mjini Nakuru. Kila alasiri Rahab alitoka nyumbani kwao Bondeni akampelekea chai, kisha akaketi kwenye kibao kando ya meza akisubiri kikombe. Hakuna aliyemfundisha. Lakini kufikia mwaka wa 1953 alikuwa anaweza kuiweka saa sikioni na kusema kama inachelewa kwa uchafu au kwa springi iliyochoka. Mara kadhaa Kinyanjui alimpa kibano akamwambia, "Hebu niwekee hii skrubu. Vidole vyako ni vyembamba kuliko vyangu."

Mwaka uliofuata, wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, Kinyanjui alikamatwa. Hakushtakiwa kwa kosa lolote. Walichukuliwa Wakikuyu wengi wa mtaa wao asubuhi moja, wakapandishwa lori, na kwa miezi minne Rahab hakujua kama yuko hai, mpaka alipoambiwa kwamba amefungwa katika kambi ya kizuizini. Binti yao Nyakio, aliyekuwa na miaka sita, alipelekwa Kiambu kwa nyanya yake. Rahab mwenyewe angefukuzwa mjini kama si Bwana Jivraj, aliyeandika barua ofisini kusema kwamba sanduku la fundi wake limejaa saa za watu, zikiwemo za Wazungu, na mtu pekee anayejua ipi ni ya nani ni huyu mama. Barua hiyo ilimpatia Rahab pasi ya kukaa Nakuru na kufanya kazi. Ilisema kweli, isipokuwa haikutaja kwamba nusu ya saa hizo zilikuwa bado hazijatengenezwa.

Basi akazitengeneza. Wiki za kwanza watu walisimama barazani kumtazama, mwanamke mwenye kitambaa kichwani na lenzi nyeusi imebanwa jichoni. Wengine walicheka, wengine waliomba saa zao wakaenda nazo. Karani mmoja wa reli aliacha yake, na iliporudi inakwenda sawasawa na saa ya stesheni, akawaambia wenzake. Baada ya mwaka mmoja hakuna aliyecheka tena, na Rahab alikuwa akiandikia kambini barua fupi, ambazo hakujua kama zinafika, kumweleza mumewe ni saa gani zimekuja na zilikuwa na shida gani.

Kosgei alifika barazani Machi 1956. Alikuwa msaidizi wa daktari wa mifugo, mtu wa Londiani, mrefu, mwenye kaptura ya kaki na baiskeli iliyojaa matope ya Njoro. Kazi yake ilikuwa kuzunguka mashamba ya maziwa, kuanzia Njoro mpaka Mau Narok, kutibu ng'ombe. Alifungua kitambaa akaweka mezani kipande cha chuma chembamba kama njiti ya kiberiti, kimekatika shingoni.

"Mama, nimeambiwa wewe unaweza vitu vidogo," alisema. "Hii kitu imenivunjikia. Nyingine inatoka Ulaya, na nikiagiza itachukua miezi sita."

Rahab alikigeuza chini ya lenzi. Upande mmoja ulikuwa na makali, na ncha ilikuwa na kifundo cha mviringo. "Ni ya kukata nini?"

Kosgei alisita kidogo, kwa sababu ya kuongea na mwanamke asiyemfahamu, kisha akaeleza. Ng'ombe akikanyagwa chuchu na mwenzake, au akichomwa na waya wa seng'enge, kidonda hupona lakini ndani hubaki kovu. Kovu hilo huziba njia ya maziwa. Mkamaji anakamua, yanatoka kama uzi, kesho hayatoki kabisa. Kiwele kinavimba, kinaoza, na ng'ombe mzuri anapelekwa kwa mchinjaji.

"Ukipasua chuchu kutoka nje," Kosgei aliendelea, "kidonda kinakaa kwenye mavi na nzi, hakiponi. Maziwa yanavuja hapo maisha yake yote. Kwa hivyo tunapitia pale pale maziwa yanapotokea. Unaingiza hii kisu kwa mdomo wa chuchu, unakata kovu ndani, unatoa. Kwa nje huoni kitu."

"Na kisu kinaingia makali yakiwa wazi?"

"Wazi."

"Na ng'ombe akiruka?"

Kosgei alicheka kwa huzuni. "Akiruka, kisu kinakata mahali kinataka chenyewe."

Rahab alikiunga kile kisu kwa lehemu ya fedha, akakinoa, Kosgei akaenda zake. Lakini swali lilibaki mezani. Ndani ya saa kila kitu kina kipimo: gurudumu linasogea kiasi fulani halafu linazuiwa, hakuna chuma kinachokwenda kinakotaka. Ilimsumbua kwamba mtu aingize makali ndani ya mnyama aliye hai bila kuwa na kitu cha kuyazuia. Siku chache baadaye, alipokuwa akifunga kisu cha mfukoni alichokatia mkate, alitazama ubapa wa kile kisu ukilala ndani ya mpini wake, akakifungua tena, akakifunga tena.

Kosgei aliporudi kuchukua saa ya rafiki yake, Rahab alimwambia, "Niletee sindano ya ng'ombe, ile nene kabisa. Hata kama imeisha makali."

"Ya kufanya nini?"

"Nataka kulaza kisu ndani yake."

Alileta tatu. Rahab alifanya kazi hiyo saa za mchana ambapo wateja hupungua, jua likiwa limejaa barazani na vumbi jeupe la ziwani likipeperushwa barabarani. Alisawazisha ncha ya sindano mpaka ikawa butu na laini. Kwa tupa ya meno madogo kuliko yote aliyokuwa nayo, alikata mwanya ubavuni mwake, mrefu kama punje mbili za mchele. Kisu chenyewe alikitoa kwenye springi ya saa ya ukutani iliyokufa, kwa maana hakuna chuma kizuri zaidi ya hicho katika sanduku la fundi wa saa. Alikipasha moto juu ya taa ya spiriti mpaka kikawa chekundu, akakizamisha kwenye mafuta, kisha akakipasha tena polepole mpaka kikapata rangi ya mabua makavu ya ngano. Hapo ndipo chuma kinashika makali bila kukatika. Kisu hicho kidogo alikiita ulimi. Alikifunga kwa pini nyembamba ndani ya mwanya, akapitisha waya kutoka nyuma wa kukisukuma kitoke, na springi nyembamba kama unywele ya kukirudisha ndani. Kwenye mpini aliweka skrubu. Ukiikaza, ulimi unatoka kidogo. Ukiilegeza, unatoka zaidi. Lakini hauwezi kupita pale skrubu ilipouambia.

Alivunja ndimi tano kabla ya kupata mmoja. Alipojaribu kwenye kipande cha mpira wa baiskeli, chombo kiliingia kimefumba, kikakata mstari mmoja safi, kikafumba tena. Kosgei alipokishika alikibonyeza na kukiachia, akakibonyeza na kukiachia, kama mtoto aliyepewa filimbi.

Siku tisa baadaye alikuja bila kuegesha baiskeli yake ukutani kama kawaida. Aliishika tu, amesimama.

"Mama Nyakio, sitakuficha," alisema. "Tumeharibu ng'ombe."

Ilitokea katika shamba moja la Njoro. Chombo kiliingia vizuri na kovu likakatika. Lakini damu na maziwa viliganda ndani ya mwanya, ile springi ya unywele ikashindwa kuurudisha ulimi, na ng'ombe akarusha mguu. Kosgei alipovuta, ulimi ulikuwa bado wazi. Ulitoka na nyama. Chuchu ilichanika kutoka ndani mpaka nje, na sasa ilikuwa imevimba, haitafaa tena.

Rahab aliweka kibano chini. "Huyo ng'ombe atakufa?"

"Hapana. Atabaki na chuchu tatu. Lakini mkamaji wake amenikasirikia sana. Anataka kujua ni nani alitengeneza hiyo kitu."

"Mwambie ni mimi." Kisha akasema, "Hapana. Nipeleke nimwambie mwenyewe."

Haikuwa rahisi. Mkikuyu aliyetaka kutoka mjini siku zile alihitaji ruhusa, na Kosgei alikwenda ofisini mara mbili kabla ya kupata karatasi iliyosema kwamba Rahab Mugure, fundi wa vyombo, anakwenda Njoro kwa kazi ya idara ya mifugo, kwenda na kurudi siku moja. Walipanda lori lililokuwa likirudisha mikebe mitupu ya maziwa. Kulikuwa na baridi, na mashamba ya ngano pande zote mbili yalikuwa yamelimwa upya, meusi kwa mvua.

Mkamaji aliitwa Chepkemei. Alikuwa mwanamke wa Kikipsigis wa miaka arobaini na kitu, mwenye mabega mapana, aliyekamua ng'ombe kumi na mmoja wa shamba hilo asubuhi na jioni. Katika daftari la shamba ng'ombe aliyeumia alikuwa na namba tu, lakini Chepkemei alimwita Mwezi, kwa ajili ya duara jeupe kwenye paji la uso. Aliwapokea mlangoni mwa banda, ndoo mkononi, akamtazama Rahab kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka viatu.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mama. Nimekuja kuona nilichofanya."

Chepkemei alimpeleka. Rahab aliinama akaitazama ile chuchu iliyochanika, imepakwa dawa ya zambarau, na Mwezi akageuza kichwa kumwangalia. Kisha Chepkemei akauliza, "Ulishawahi kukama?"

"Sijawahi."

"Hata siku moja?"

"Baba yangu alikuwa na mbuzi tu."

"Basi ulikuwa unatengeneza kitu cha kuingia mahali hujawahi kushika." Hakusema kwa ukali. Alivuta kigoda akakiweka chini ya ng'ombe mwingine, mpole. "Kaa hapa. Osha mikono kwanza."

Rahab alikaa. Mwanzoni hakutoa hata tone, na ng'ombe alihema kwa kuchoka naye. Chepkemei alimshika mkono akamwonyesha kufunga kidole cha juu kwanza, halafu kinachofuata, halafu kinachofuata. Maziwa yalipogonga ndoo Rahab alishtuka. Alikuwa amefikiria chuchu kama bomba, kama mpira wa baiskeli. Kumbe ilikuwa nyama laini iliyojaa uzima, inajikaza na kulegea, yenye joto, na hapo mwishoni kabisa palikuwa na sehemu fupi iliyobana, fupi kuliko kucha ya kidole chake cha mwisho. Na ng'ombe hakutulia hata kidogo. Alihamisha uzito, alipiga mkia, alikohoa, na kila mara mwili wote ulisogea, na chuchu nayo.

Walipomaliza, Chepkemei aliomba kukiona kile chombo. Alikifungua kwa kidole gumba, akavuta ukucha wake kwa upole juu ya ulimi, kutoka kwenye mpini kwenda nchani, na ulimi ukazidi kusimama.

"Baba yangu alikuwa na mishale," alisema. "Ya ndege ilikuwa laini, inaingia na kutoka. Ya vita ilikuwa na miiba imeangalia nyuma. Ukiivuta inafunguka, inatoka na nyama. Hii yako ni ya vita."

Rahab alichukua chombo mkononi mwake. Alipitisha ukucha kama vile Chepkemei alivyofanya, mara moja, mara mbili. Ni kweli. Pini alikuwa ameiweka upande wa ncha, na makali yaliangalia nyuma, kwa hiyo kila unapovuta, nyama yenyewe inaushika ulimi na kuufungua. Kama pini ingekuwa upande wa mpini, na ulimi ukaangalia mbele, basi kuvuta kungeusukuma ulale. Alikuwa ameitazama ile kazi kwa lenzi kwa majuma mengi, na hakuwa ameiona.

"Mama," alisema, "umenisaidia kuliko unavyojua."

"Sijakusaidia," Chepkemei akajibu. "Nimesaidia ng'ombe. Ukitengeneza nyingine, usimtume huyu peke yake. Uje nayo. Ukikosea tena, nataka uwe hapa."

Kazi ya pili ilichukua muda mrefu zaidi ya ya kwanza, karibu mwaka mzima, katikati ya saa za watu. Rahab aligeuza ulimi. Aliitupa ile springi ya kurudisha, kwa sababu alikwisha kujifunza kwamba chuma chembamba hakiwezi kushindana na damu iliyoganda. Badala yake alifunga waya kwenye ulimi pande zote mbili, ili kidole kinachousukuma ndicho kiurudishe, na mkono uhisi wenyewe kama umefumba au la. Aliufupisha ulimi ulingane na ile sehemu fupi inayobana, ambayo sasa aliijua kwa kuishika. Alifanya pini iweze kutolewa, ili chombo chote kifunguliwe vipande vinne na kuchemshwa.

Na hakujaribu tena kwenye mpira. Kila Jumatano asubuhi alikwenda kichinjioni na ndoo akaomba viwele vya ng'ombe waliochinjwa. Wachinjaji walidhani ni umaskini, wakamwekea na vipande vya utumbo, naye akavikubali kwa heshima. Nyumbani aliingiza chombo katika kila chuchu, akakata, akatoa, kisha akaipasua chuchu nzima kwa wembe kutazama ndani palikatika vipi. Mara nyingine alikuta mkato umepita kiasi. Mara nyingine alikuta hakuna mkato, bali mkwaruzo. Aliandika kwenye daftari la shule: skrubu ikilegezwa mizunguko miwili, sawa, mizunguko mitatu, mingi mno. Jirani yake mmoja alimuuliza ni mila gani hiyo ya kupasua viwele kila wiki. Rahab alicheka akamwambia ni mila ya Njoro.

Mei 1957 akapata tena karatasi ya kusafiri. Safari hii ng'ombe alikuwa mtamba aliyezaa mara ya kwanza, aliyekanyagwa wiki mbili kabla, na chuchu moja ya nyuma ilikuwa imeziba kabisa. Chepkemei alimfunga miguu kwa kamba, akasimama kando ya kichwa chake akimsemesha kwa Kikipsigis, sauti ya chini isiyokatika. Kosgei aliosha chuchu kwa maji ya moto na spiriti, akachukua chombo kutoka kwenye sufuria iliyokuwa ikichemka.

"Mizunguko miwili," Rahab alisema.

"Miwili."

Kiliingia. Kosgei alibonyeza, akavuta kwa upole, akageuza nusu, akavuta tena. Mara ya tatu mtamba alijitupa upande kwa nguvu mpaka Kosgei akaanguka kwenye majani na kuachia mpini kabisa. Chombo kilibaki kinaning'inia pale kwenye chuchu, kinachezacheza. Kisha uzito wa mpini wenyewe ukakivuta, kikateleza, kikadondoka kwenye majani. Alikiokota. Ulimi ulikuwa umelala ndani ya mwanya, umefumba.

Chepkemei aliacha kichwa cha ng'ombe akaja akachuchumaa. Alishika ile chuchu akafunga kidole cha juu, cha pili, cha tatu. Kwanza lilitoka donge. Kisha maji ya rangi ya waridi. Kisha maziwa, mstari mnene ulionyooka, yakagonga majani kwa sababu hakuna aliyekuwa amekumbuka kuleta ndoo.

"Eeh," Chepkemei alisema. Baadaye, walipokuwa wanakunywa chai, alimwekea Rahab kikombe kilichojaa maziwa mpaka rangi ya chai haikuonekana, akamweleza Kosgei kwamba mtamba huyo akamuliwe kidogo kidogo kila saa kwa siku tatu ili njia isije ikajifunga tena, na kwamba yeye mwenyewe atafanya hivyo, asiguswe na mtu mwingine.

Njia haikujifunga. Kosgei alitumia chombo kile mwaka huo kwa ng'ombe thelathini na wawili, akapoteza chuchu mbili tu. Daktari mkubwa wa mifugo, Mzungu, alipokiona aliuliza kimetoka nchi gani. Alipoambiwa, alikuja mwenyewe barazani, akainama juu ya meza, akasema ni kazi nzuri sana na kwamba ataandika barua. Jibu la barua lilikuja baada ya miezi: idara inashukuru, lakini vyombo vyote hununuliwa kwa watengenezaji waliokubaliwa. Daktari huyo alisoma barua, akaikunja, akamwomba Rahab amtengenezee kimoja cha kubeba mfukoni mwake mwenyewe. Wasaidizi wengine wa mifugo wakaja pia, mmoja mmoja, kutoka Molo, kutoka Subukia, kila mmoja na sindano zake kuukuu.

Kinyanjui alirudi Februari 1959. Alishuka kwenye gari moshi akiwa amevaa koti la mtu mwingine, nywele zimeota mvi pande zote mbili. Kwa siku kadhaa alilala tu na kula. Nyakio, aliyeletwa kutoka Kiambu kumwona, alikuwa msichana mkubwa sasa na alimwamkia kama mgeni. Juma la pili alisema anataka kuona meza yake.

Alikaa kwenye kiti chake cha zamani. Rahab alisimama pembeni. Kinyanjui alichukua saa ya mkononi, akaifungua, akachukua kibano, na Rahab akaona shida kabla yeye hajaisema. Miaka mitano ya kuvunja mawe kambini ilikuwa imezifanya ncha za vidole vyake kuwa ngumu kama kwato. Skrubu ilimponyoka. Akaiokota. Ikamponyoka tena.

"Siisikii," alisema. "Naiona lakini siisikii."

"Itarudi, Baba Nyakio."

"Usinidanganye."

Rahab hakumdanganya tena. Alifungua droo akamwonyesha vile vyombo, akamweleza yote kuanzia mwanzo, hata ng'ombe waliyemharibu. Kinyanjui alisikiliza bila kumkatiza. Barua za mkewe, alisema, zilimfikia tatu tu, na moja ilizungumza habari za ng'ombe na ndimi na mishale, nao wenzake kambini walidhani ni lugha ya siri, wakakaa jioni nzima wakibishana ina maana gani. Akacheka. Rahab hakuwa amemsikia akicheka tangu aliposhuka kwenye gari moshi.

Siku nyingi zilizofuata alikuja tu kukaa, yeye sasa kwenye kibao na Rahab kwenye kiti. Haikuwa rahisi kwa yeyote kati yao. Wateja waliozoea zamani walimwamkia yeye kwanza kisha wakampa mkewe saa, naye aligeuza uso kutazama barabara. Rahab alijaribu kumwachia saa kubwa za ukutani, naye akazitengeneza vizuri, lakini hazikuwa nyingi.

Asubuhi moja Kinyanjui alichukua chombo kimoja kilichokamilika, akajaribu kukifungua na kukifumba. Kitufe cha kusukumia ulimi kilimteleza chini ya kidole, mara tatu mfululizo.

"Mimi siwezi kushika hiki," alisema.

"Si cha mikono yako," Rahab alijibu, bila kuinua macho.

"Ni cha mikono ya nani? Ya kwako. Umekipima kwa vidole vyako." Alikiweka mezani mbele yake. "Huyu Kosgei akiwa Mau Narok saa kumi na mbili asubuhi, barafu iko kwenye nyasi, amenawa kwa maji na spiriti. Unafikiri anasikia nini? Anasikia kama mimi tu."

Rahab aliinua macho. Alitoa lenzi jichoni. Alikumbuka jinsi Kosgei alivyoanguka pale Njoro na mpini ukamtoka mkononi, na jinsi wote walivyosema ni kwa sababu ya mtamba.

"Ungekifanya vipi?" aliuliza.

Kesho yake Kinyanjui alianza kuchonga. Alichonga mipini kutoka kwa mti wa mzeituni wa porini, mikubwa kuliko kitu chochote kilichowahi kukaa juu ya meza ile, akaitia alama za kukwaruza ili isiteleze ikilowa. Badala ya kitufe aliweka pete ya kupitisha kidole kizima, ambayo mtu husogeza kwa mkono wote, si kwa ncha. Rahab alisema mpini ni mzito. Kinyanjui akasema uzito ndio uliokivuta chombo kikatoka kwenye chuchu ya mtamba, au sivyo alivyomweleza mwenyewe? Walibishana juma zima, mbele ya wateja, na Bwana Jivraj alitoka dukani mara mbili kuuliza kama kuna tatizo. Mti ulipasuka kwa kuchemshwa, wakabadilisha wakaweka shaba. Pete ilikuwa ndogo, wakaipanua.

Kosgei alipita kuchukua kile cha kwanza chenye pete mwezi wa Julai, akiwa njiani kupanda Mau. Kinyanjui alimwomba achovye mikono yake kwenye ndoo ya maji ya bomba kwanza, na akae nayo humo mpaka isikie baridi. Kosgei alimtazama Rahab, Rahab akaitikia kwa kichwa kwamba afanye alivyoambiwa. Alikaa amechuchumaa barazani, mikono ndani ya ndoo, watu wakipita wakimtazama. Kisha akaitoa, ikiwa inadondosha maji, akachukua chombo, akapitisha kidole kwenye pete, akafungua, akafumba, akafungua.

"Hii nitashika hata nikiwa usingizini," alisema.

"Basi chukua viwili," Kinyanjui akasema, akamfungia vyote kwenye kitambaa, polepole, akikunja pembe moja baada ya nyingine, huku Rahab akimtafutia kipande cha kamba.